Mambo ya kujua kabla ya kuweka miadi ya masaji

Alfajiri mashua za omena zinapotia nanga ufuoni Sindo, katika eneobunge la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, wanaoshuka ni watu waliokesha wakiinama, wakipiga makasia na kuvuta nyavu zilizolowa maji. Jua linapochomoza huwa zamu ya wanawake, ambao nao huinama kwa saa nyingi wakianika omena. Baadaye magunia yaliyojaa hubebwa mgongoni hadi barabarani. Waendeshaji wa bodaboda hutikiswa mchana kutwa katika njia zinazopanda kuelekea milima ya Gwassi. Si ajabu, basi, kumsikia mkazi wa mji huu wa kando ya Ziwa Victoria akilalamikia mgongo, mabega au shingo.

Kwa miaka mingi neno masaji lilihusishwa na watalii na mahoteli makubwa ya Nairobi na Mombasa. Siku hizi huduma hiyo hutolewa pia katika saluni, vituo vya mazoezi ya mwili na hata majumbani, na miadi huwekwa kwa simu ya mkononi. Mkazi wa Sindo anaposafiri hadi Homa Bay au Kisumu anaweza kuitafuta kwa urahisi. Zaidi ya hayo, vijijini wapo wazee na akina mama ambao wamekuwa wakikanda watu tangu zamani, kabla ya neno masaji kuzoeleka.

Hata hivyo, wateja wengi huweka miadi wakiwa wameuliza jambo moja tu, nalo ni bei. Wachache huuliza ni nani atakayewakanda, amefunzwa wapi, na iwapo hali yao ya afya inaruhusu. Huo ndio upungufu ambao makala haya yananuia kuuziba. Kuna maumivu yanayotulizwa na mikono ya mkandaji, na kuna mengine ambayo kuyakanda ni kuhatarisha maisha. Mkandaji wa kuaminika huuliza kabla ya kugusa, na mteja mwenye busara humjibu kwa ukweli.

Masaji ni nini, na si nini

Masaji ni ufundi wa kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutikisa misuli ya mwili kwa mikono, aghalabu kwa kutumia mafuta. Shabaha yake ni kulegeza misuli iliyokaza, kutuliza maumivu na kumpa mtu utulivu wa mwili na akili.

Mitindo yake ni mingi, na ni vyema mteja ajue anachokiomba. Masaji ya Kiswidi ni ya taratibu na ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayekandwa mara ya kwanza. Jina lake huhusishwa na Per Henrik Ling wa Uswidi, aliyeishi kati ya 1776 na 1839, ijapokuwa wanahistoria wengi humtaja daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger, aliyefariki mwaka 1909, kuwa ndiye aliyepanga miondoko yake ya msingi. Masaji ya kina hutumia nguvu zaidi ili kuifikia misuli ya ndani, na huweza kuuma. Masaji ya wanamichezo hulenga misuli inayotumiwa sana katika mashindano na mazoezi. Hapa nchini, wakandaji wa aina hii ni watu wanaofahamika vyema miongoni mwa wanariadha wa mji wa Iten.

Katika masaji ya Kithai mteja hubaki na nguo zake, akalazwa juu ya mkeka au godoro, kisha akanyooshwa viungo na kubonyezwa. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi huo katika orodha ya turathi za kitamaduni za binadamu. Kuna pia masaji ya mawe ya moto, ambayo huhitaji uangalifu maalumu kama itakavyoelezwa baadaye.

Ukandaji si mgeni katika Afrika Mashariki. Katika pwani ya Waswahili, bibi arusi husingwa mwili kwa singo na manukato kabla ya harusi, na mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Katika eneo la Nyanza, nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi, alitegemewa na wanawake si kwa uzazi pekee bali pia kwa dawa za mitishamba na maradhi ya watoto.

Je, masaji husaidia kweli? Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Shirika hilo lilieleza kwamba mwaka 2020 maumivu hayo yaliwasumbua watu wapatao milioni 619 duniani, yaani takriban mtu 1 kati ya kila watu 13. Masaji ilitajwa miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa kwa watu wazima wenye tatizo hilo, pamoja na mazoezi na elimu ya namna ya kujitunza. Mwongozo huo haukuitaja kuwa tiba ya pekee. Nafuu yake aghalabu ni ya muda, na humfaa zaidi mtu anayefanya mazoezi na kubadili namna anavyoinama, anavyobeba mizigo na anavyoketi.

Kwa hivyo, mteja ajihadhari na ahadi zinazopita kiasi. Masaji haitibu malaria, haiungi mfupa uliovunjika, wala haiyeyushi uvimbe. Madai kwamba hutoa sumu mwilini pia hayana ushahidi, kwani kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo. Mtu anayeahidi kuponya kila ugonjwa kwa mikono yake ni wa kuepukwa.

Nani atakayekukanda?

Watu wanaotoa huduma hii wanaweza kugawanywa katika makundi matatu, na kila kundi lina mipaka yake.

Kundi la kwanza ni la wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Hawa husomea kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika vyuo vikuu au taasisi kama Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC). Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni na baraza hilo. Wanapatikana katika hospitali kubwa za serikali, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Homa Bay na ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, na pia katika kliniki za kibinafsi. Mtu aliyepata ajali, kiharusi au upasuaji, au ambaye maumivu yake yamedumu kwa wiki kadhaa, anapaswa kuanza na wataalamu hawa baada ya kumwona daktari.

Kundi la pili ni la wakandaji waliosomea masaji katika vyuo vya urembo na ufundi. Ujuzi wao hutofautiana sana, kwa sababu kuna waliosoma kwa muda mrefu na kuna waliohudhuria mafunzo ya siku chache tu. Mteja ana haki ya kuuliza cheti kilitolewa na chuo gani, masomo yalichukua muda gani, na kama chuo hicho kimesajiliwa na mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, TVETA. Biashara yenyewe inapaswa kuwa na kibali kutoka serikali ya kaunti. Hata hivyo, ieleweke kwamba kibali cha biashara huthibitisha tu kuwa mwenye duka amelipa ada. Hakithibitishi kwamba anajua mahali mishipa na mifupa ilipo.

Kundi la tatu ni la wakandaji wa kijijini. Wengi wao wana mikono mizuri na uzoefu wa miaka mingi, na kwa mtu aliyechoka tu baada ya kazi ngumu, huenda huduma yao ikatosha. Hatari hutokea pale mkandaji anapokubali kila mgonjwa anayeletwa kwake, aliyeteguka na aliyevunjika, mwenye uchovu na mwenye homa. Mzee anayejua mpaka wa ujuzi wake, ambaye husema bila kusita kuwa jambo fulani ni la hospitali, ni bora kuliko kijana mwenye vyeti ukutani asiyejua kukataa.

Nyakati ambazo mwili haufai kukandwa

Hii ndiyo sehemu ambayo msomaji anastahili kuizingatia zaidi, hasa aishiye katika maeneo ya ziwa.

Jambo la kwanza ni homa. Eneo la Ziwa Victoria lina malaria mwaka mzima, na ni katika Kaunti ya Homa Bay ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria mnamo Septemba 2019. Mwili unapouma kote, viungo vikalegea na kichwa kikagonga, wengi hudhani ni uchovu wa kazi wakaomba kukandwa. Ilhali dalili hizo huenda ni za malaria, na kila saa inayopotea ni hatari, hususan kwa watoto na kina mama wajawazito. Mwenye homa aende kupimwa kwanza. Kukandwa kunaweza kungoja.

La pili ni tumbo. Malaria ya mara kwa mara, pamoja na kichocho cha matumbo ambacho huwapata watu wanaoingia katika maji ya ziwa, huweza kusababisha bandama na ini kuvimba. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, liko upande wa kushoto chini ya mbavu. Likivimba huwa dhaifu na huweza kupasuka likibonyezwa kwa nguvu, na damu ikavujia ndani ya tumbo. Kwa sababu hiyo, tumbo lililojaa au lenye kitu kigumu ndani yake lisikandwe kamwe kabla ya kuchunguzwa na daktari. Mtoto mwenye uvimbe wa tumbo au wa taya asipelekwe kwa mkandaji hata kidogo. Katika ukanda huu wa malaria kuna saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo huanza kwa uvimbe kama huo na hukua upesi mno. Ikigunduliwa mapema huweza kutibiwa kwa dawa, lakini wiki zinazopotea katika kukanda na kuchua huenda zisirudi tena.

La tatu ni mguu mmoja uliovimba. Muundi unapovimba, ukawa na joto na maumivu, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji, kulazwa kwa muda mrefu au kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuukanda mguu huo ni hatari, kwani bonge la damu linaweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu, na mtu akafariki ghafla. Dalili hii humhitaji daktari siku hiyo hiyo.

La nne ni jeraha la mfupa. Aliyeanguka kwenye pikipiki au mashuani na sasa hawezi kuukanyagia mguu wake, au ambaye kiungo chake kimepinda, apigwe picha ya eksirei kabla ya yeyote kumgusa. Kuvuta na kukanda mfupa uliovunjika huweza kukata mishipa ya damu na ya fahamu, na kumwachia mtu ulemavu wa kudumu.

La tano ni maumivu ya mgongo yasiyo ya kawaida. Maumivu yanayozidi usiku, yanayoandamana na kukonda, kutokwa na jasho jingi usiku au homa za jioni, huenda yakawa ya kifua kikuu cha uti wa mgongo au ugonjwa mwingine mzito. Naye ambaye miguu yake inaingia ganzi au kukosa nguvu, ambaye hahisi kitu sehemu za siri, au ambaye ameshindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, anapaswa kukimbizwa hospitalini bila kuchelewa. Mgongo wa namna hiyo haupaswi kukandwa wala kuvunjwavunjwa kwa kishindo.

Kuna pia hali ambazo hazimzuii mtu kabisa, bali humtaka apate ushauri wa daktari kwanza na kumweleza mkandaji waziwazi:

Ujauzito. Mama mjamzito anaweza kukandwa kwa upole na mtu aliyefunzwa hasa kuwahudumia wajawazito, akiwa amelala ubavu, lakini tumbo lisibonyezwe. Desturi ya kukanda tumbo kwa nguvu ili kumgeuza mtoto ni ya hatari, kwani kondo la nyuma linaweza kubanduka. Kazi hiyo ni ya daktari, ndani ya hospitali.

Shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ambaye shinikizo lake halijadhibitiwa asikandwe kwa nguvu.

Kisukari. Miguu ya baadhi ya wenye kisukari hupoteza hisia, kwa hivyo wanaweza kuunguzwa na mawe au maji ya moto bila kujua.

Selimundu. Ugonjwa huu ni wa kawaida katika maeneo ya ziwa. Maumivu makali ya ghafla kwa mwenye selimundu ni ya kutibiwa hospitalini, na mkandaji asifanywe mbadala.

Dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama vile warfarin. Anayezitumia huvilia damu kwa urahisi hata akibonyezwa kidogo.

Saratani. Wapo wagonjwa wanaonufaika kwa masaji nyepesi, lakini iwe kwa idhini ya daktari wao, na mahali penye uvimbe pasiguswe.

Magonjwa ya ngozi, vidonda na majeraha mabichi. Haya huweza kuambukiza au kuchelewa kupona.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mteja anayeficha hali yake kwa kuona haya humfanya mkandaji kuwa kipofu.

Je, ni lazima kutaja hali ya virusi vya ukimwi?

Katika kaunti ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya ukimwi nchini, swali hili huwatia wengi wasiwasi. Jibu ni kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa kukandwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, kwa mafuta, kwa taulo wala kwa jasho. Mkandaji hana sababu ya kudai kuonyeshwa matokeo ya kipimo, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri ya matokeo hayo. Linalomhusu mkandaji ni iwapo mteja ana kidonda, upele, homa au ganzi ya miguu, na hayo yanaweza kutajwa bila kueleza chanzo chake.

Vivyo hivyo, habari za afya anazozitoa mteja si za kusimuliwa sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kituo kinachomjazisha mteja fomu kinapaswa kumweleza ni kwa nini kinazihitaji na jinsi kitakavyozihifadhi. Katika mji mdogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, mkandaji asiyeweza kuutunza ulimi wake hafai, hata kama mikono yake ina ustadi kiasi gani.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kukubali siku na saa, mteja anashauriwa kuuliza yafuatayo:

Kwanza, ni nani hasa atakayenikanda, mwanamume au mwanamke? Ni haki ya mteja kuchagua, wala hana haja ya kueleza sababu.

Pili, ni mtindo gani wa masaji, na huchukua muda gani? Saa moja inayotangazwa huenda ikajumuisha muda wa kuvua na kuvaa nguo.

Tatu, bei ni ngapi kwa jumla, na inahusisha nini? Mafuta, taulo na nauli ya mkandaji anayekuja nyumbani yatajwe mapema ili kuepuka ugomvi.

Nne, je, kuna malipo ya awali, na nikighairi itakuwaje? Anayetakiwa kutuma pesa kwa M-Pesa ahakikishe jina linalojitokeza ni la biashara anayoijua, na ahifadhi ujumbe wa malipo. Kutuma pesa zote kwa nambari ya mtu asiyefahamika ni kujitafutia majuto.

Tano, shuka na taulo hubadilishwa kwa kila mteja? Je, kuna maji na sabuni ya mkandaji kunawa mikono?

Sita, ni mafuta gani yanayotumika? Wapo watu ambao miili yao haipatani na mafuta ya njugu au manukato fulani. Ni vyema kujaribu matone machache mkononi kwanza.

Saba, je, mkandaji atauliza kuhusu afya yangu kabla ya kuanza? Jibu la swali hili la mwisho huonyesha mengi. Anayecheka, au anayesema kuwa maswali hayo hayana maana, amekwisha kumsaidia mteja kuamua.

Ikiwa mkandaji ataitwa nyumbani, mteja ahakikishe kuna jamaa mwingine karibu, na mkandaji naye ana haki ya kumjulisha mtu mahali anakoenda. Usalama ni wa pande zote mbili.

Staha na mipaka

Jambo linalowakera wateja wengi wapya ni suala la kuvua nguo. Kanuni ni nyepesi: mteja huvua kiasi anachoridhia, akiwa peke yake chumbani, kisha hujifunika shuka au taulo. Mkandaji hubisha hodi kabla ya kuingia, na hufunua tu sehemu anayoikanda. Anayetaka kubaki na nguo zake ana haki hiyo, na ipo mitindo inayofaa kwa hilo.

Sehemu za siri si sehemu ya masaji ya kitaalamu, na matiti ya mwanamke hayaguswi katika masaji ya kawaida. Mteja anaweza kusema "basi" wakati wowote, hata ikiwa amekwisha kulipa. Mkandaji akimgusa mtu isivyostahili bila ridhaa yake, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mwathiriwa anaweza kupiga ripoti katika kituo cha polisi, kwenda hospitalini, au kupiga simu bila malipo kwa nambari 1195, inayoshughulikia visa vya dhuluma za kijinsia. Mtoto asikandwe bila mzazi au mlezi kuwepo chumbani.

Staha ni wajibu wa mteja pia. Wapo wanaofika wakidhani kwamba masaji ni jina la kificho la biashara nyingine, na dhana hiyo imewadhalilisha wanawake na wanaume wengi wanaojipatia riziki halali kwa kazi hii. Mkandaji anayetakiwa kufanya lisilofaa ana haki ya kusitisha huduma mara moja na kumwomba mteja aondoke.

Siku ya miadi na baada yake

Mteja afike mapema kidogo, akiwa ameoga, na asiwe ameshiba mno. Chakula kizito kiliwe saa mbili hivi kabla. Aliyekunywa pombe aahirishe, kwa kuwa pombe hupunguza hisia ya maumivu, na mtu huweza kuumizwa asitambue. Mikufu, saa na vipuli vivuliwe na kuwekwa mahali salama.

Wakati wa kukandwa, ukimya si adabu. Wengi huvumilia maumivu wakiamini kuwa dawa chungu ndiyo iponyayo. Kuna tofauti kati ya uchungu mtamu wa misuli inayolegea na maumivu makali yanayochoma, yanayotambaa hadi mkononi au mguuni, au yanayoleta ganzi. Haya ya pili ni ishara kwamba mkandaji anapaswa kuacha. Mkandaji mzuri huuliza mara kwa mara kama nguvu anazotumia zinafaa, na hupunguza akiambiwa apunguze.

Baada ya kumaliza, mteja aamke polepole na kuketi kwanza, kwa sababu wengine hupata kizunguzungu. Misuli huweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili, hasa baada ya masaji ya kina, na hilo si la kutisha. Lakini maumivu yanayozidi kila siku, alama kubwa za kuvilia damu, ganzi, udhaifu wa mkono au mguu, kushindwa kupumua vyema au maumivu ya kifua ni mambo ya kupelekwa hospitalini bila kungoja.

Mvuvi atakayekandwa leo na kesho arudi kuinua mashine ya mashua kwa mgongo uliokunjwa atakuwa amenunua nafuu ya usiku mmoja. Kupiga magoti badala ya kukunja kiuno, kugawanya mzigo, kubadilishana zamu ya kuvuta nyavu, na kunyoosha mwili kwa dakika chache kabla na baada ya kazi, hayagharimu hata senti. Wanawake wanaoanika omena wanaweza kujaribu meza za kuanikia zilizoinuliwa, ambazo huwapunguzia kuinama na pia huwaepusha samaki na mchanga.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kulaza mwili wako mbele ya mikono ya mtu mwingine, uliza maswali yako yote, ujibu ya kwake kwa ukweli, na ukiambiwa kwamba hali yako yahitaji daktari na wala si mkandaji, usikasirike. Huenda mtu aliyekataa pesa zako siku hiyo ndiye aliyeyaokoa maisha yako.